Mtoto mwenye kifafa aulizwe pia habari za hisia zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wako, hasa wazazi na wahudumu wa kliniki za watoto, kazi ya marehemu Michael Rutter, bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto aliyefariki mwaka 2021. Wengi wanamjua kwa utafiti wake wa usonji. Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye kifafa, na kwangu jambo kubwa alilolifanya ni lile la Isle of Wight, kisiwa kilichoko kusini mwa Uingereza.

Katikati ya miaka ya 1960, Rutter na wenzake waliwachunguza watoto wa shule wa kisiwa kile. Hawakungoja wagonjwa waletwe hospitali, maana wanaofika huko mara nyingi ndio waliozidiwa, na ukiwahesabu hao peke yao huujui ukweli wa wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1970. Katika watoto kwa jumla, wapatao 7 kati ya 100 walikuwa na tatizo la afya ya akili. Kwa wenye maradhi sugu yasiyogusa ubongo, pumu kwa mfano, walikuwa kama 12. Wenye kifafa tu, bila hitilafu nyingine ya ubongo, walifika 29. Waliokuwa na kifafa pamoja na hitilafu nyingine ya ubongo walikuwa 58, yaani zaidi ya nusu.

Hebu tupatazame hapo kwenye 12 na 29. Mtoto wa pumu naye hunywa dawa, hukosa shule, huogopa kuzidiwa mbele ya wenzake. Kama huzuni na hasira za mtoto wa kifafa zingetokana na adha ya kuugua peke yake, wawili hao wangelingana. Hawalingani. Ubongo ule ule unaoleta mshtuko wa kifafa, yaani kuanguka, ndio unaobeba hofu, usikivu na furaha, na ukitikisika upande mmoja, upande wa pili hausalimiki. Juu yake ndipo huja kutengwa na kunong'onwa.

Mwaka 2003 watafiti wengine wa Uingereza walitoa hesabu nyingine, safari hii wakilinganisha na kisukari: 37 kati ya 100 kwa wenye kifafa, 11 kwa wenye kisukari, 9 kwa wasio na ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na picha ni ile ile.

Sasa nenda kliniki. Utaulizwa mtoto ameanguka mara ngapi tangu mlipokuja mara ya mwisho, dawa anameza, uzito wake umefika wapi. Maswali ya lazima hayo, wala sina ugomvi nayo. Ninachogombea ni kwamba mara nyingi maswali huishia hapo. Mtoto asiyelala kwa hofu ya kufa usingizini, aliyeacha kucheza, anayepiga wadogo zake bila sababu, anaandikiwa kuwa anaendelea vizuri kwa kuwa hajaanguka. Nyumbani tunamwita mkaidi. Na pengine ni dawa: levetirasetamu huweza kumfanya mtoto awe na hasira za ghafla, na fenobabito huweza kumfanya asitulie hata kidogo. Mzazi asiyeambiwa hilo atamchapa mwanawe, au ataiacha dawa kimya kimya, na kuikatisha ghafla kwaweza kuleta mishtuko mfululizo inayoua.

Wapo watakaosema wataalamu wa afya ya akili ni wachache. Ni kweli, lakini si sababu tena. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa watoto na vijana 334 wenye kifafa. Matibabu ya mazungumzo yalitolewa kwa simu au video na wahudumu wa kliniki zile zile za kifafa, ambao hawakuwa mabingwa wa saikolojia. Walifunzwa na kusimamiwa. Baada ya miezi 6, waliopewa matibabu hayo walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Nafuu yenyewe haikuwa kubwa mno, ila kwa nyumba yenye mtoto asiyelala, hata hiyo tungeipokea kwa mikono miwili.

Ombi langu kwa wahudumu ni dogo. Kila hudhurio, baada ya kuhesabu mishtuko, muulizeni mzazi: analala? anacheza? ana marafiki? hasira zake zimebadilika tangu dawa ilipobadilishwa? Majibu yaandikwe kwenye faili kama inavyoandikwa mishtuko, ili mhudumu wa zamu nyingine ayakute. Na mtoto aliyefikia umri wa kujieleza apewe dakika chache na daktari, sisi wazazi tukiwa nje, kwa sababu yapo ambayo hatayasema tukiwa tumekaa pembeni yake.

Wako,
Mzazi wa mtoto mwenye kifafa