Zoezi la Jumamosi: saa imebadilika

Ndugu wanakikundi, salaam.

Zoezi letu la vichekesho vya papo kwa papo litaanza Jumamosi saa 9:00 alasiri, si saa 8:00, katika ukumbi ule ule wa Kijitonyama. Nitafundisha mchezo wa kioo (wawili hutazamana na mmoja huiga miondoko ya mwenzake), ambao ndio ulioninasa siku niliyoingia darasani kama mtazamaji tu. Ni wa Viola Spolin, mwalimu wa Chicago ambaye mwanawe, Paul Sills, alishiriki kuanzisha The Second City, kundi la vichekesho vya papo kwa papo la huko huko, mwaka 1959. Msikariri chochote.

Mchango wa shilingi 5,000, wa ukumbi na chai, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Kwa kuwa tutacheza wawili wawili, naomba kila mmoja athibitishe hapa leo kwa kuandika "Nipo" au "Sipo".