Wavuvi wa Ziwa Victoria wapewe stakabadhi vyombo vyao vinapotwaliwa

Mhariri,

Kila mjadala wa Migingo unapofufuka magazetini, swali huwa lile lile: kisiwa ni cha nani? Mwaka 2009 Rais Yoweri Museveni alikiri kwamba kisiwa ni cha Kenya, ila akashikilia kuwa maji ya pembeni ni ya Uganda. Na kwa kuwa mpaka unapita mita 500 hivi magharibi mwake, mvuvi anaweza kuamka Kenya na kutega nyavu Uganda kabla chai yake haijapoa.

Kinachogombaniwa hasa ni sangara, ambaye huku kwetu tunamwita mbuta. Akiwa mchanga hukaa katika maji ya kina kifupi karibu na ufuo, na akikomaa huelekea vilindini, ilhali Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa. Ndiyo sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Kisumu, mwaka 1994, mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, ili samaki hao wasimamiwe kwa pamoja. Mkataba ni mzuri. Mashaka huanza doria inapokutana na mtumbwi usiku, mahali ambapo mpaka hauonekani kwa macho.

Niliwahi kumpokea ufuoni jirani yangu aliyerudi akipiga kasia, baada ya maafisa wa doria wa nchi nyingine kutwaa injini yake ya nguvu-farasi 15 na nyavu zote. Hakupewa hata kipande cha karatasi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mkazi yeyote kupinga kitendo cha nchi mwanachama mbele ya mahakama ya Jumuiya iliyoko Arusha, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili. Muda huo ni mfupi kwa mtu anayehangaikia injini ya kukodi, lakini hata kama jirani yangu angefika huko kwa wakati, angewaonyesha majaji nini?

Naomba wizara husika za nchi zote tatu zikubaliane kwamba kila chombo kinachotwaliwa kiandikiwe stakabadhi yenye tarehe, saa, mahali kwa kipimo cha GPS, jina la afisa na sheria inayodaiwa kuvunjwa. Upimaji wa mpaka na uendelee kwa miaka yoyote utakayohitaji. Kitabu cha stakabadhi chenye nakala tatu kinauzwa madukani Migori.

Msomaji,
Muhuru Bay, Kaunti ya Migori