Theluji sio kipimo cha muvi ya Krismasi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila Desemba kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea muvi, vya huku Mwanga na Ujiji watu wanabishana muvi ipi ni ya Krismasi, wengi wanasema lazima iwe na theluji. Mimi nakataa kabisa! Kigoma Desemba ni mvua na matope, mbona tunasherehekea vizuri tu?

Cha kuangalia ni ukiitoa sikukuu stori inasimama au inaanguka. Chukua Die Hard, ilitoka Julai 1988 huko Marekani na ina risasi kibao, lakini yule polisi anatoka New York kwenda Los Angeles kwa mke na watoto wake sababu ni Krismasi, na majambazi wanavamia jengo wakati wa pati ya ofisi siku ya mkesha, sasa ukitoa Krismasi hapo unabaki na nini? Home Alone ya 1990 ndo usiseme, mtoto anasahaulika nyumbani familia ikisafiri Krismasi na mama anahangaika kumrudia. Mtu kurudi kwa watu wake, hapo ndo penyewe, sisi tunaosubiri ndugu washuke treni tunaelewa.

Wenye vibanda tuwekeeni hizo tarehe 24 usiku, na wanaotafsiri wasiruke vipande vya familia wakakimbilia ngumi.

Msomaji wenu, Kigoma