Kabla hujanunua dawa ya kupunguza tumbo, njoo tukupime kwanza

Wiki haipiti bila mtu kuja hapa kliniki na kopo la unga au pakiti ya chai kanunua mtandaoni, anauliza eti nikinywa hii tumbo litaisha? Inatuuma kweli, maana hela kashatoa, anaharisha wiki nzima, zinapungua kilo 2 za maji halafu zinarudi zote. Kuna mabaya zaidi ya hapo. Sibutramine, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, lakini bado inakutwa imechanganywa kimyakimya kwenye vidonge vinavyoitwa vya mitishamba.

Unene uliopitiliza ni ugonjwa jamani, sio uvivu, wala sio kunawiri kama mashangazi wanavyotusifia kwenye harusi. Tunaanza na hesabu, zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, halafu kilo zako gawanya kwa jibu hilo. Mama mwenye sentimita 160 na kilo 95 anapata 37, na kuanzia 30 ndo unene uliopitiliza. Halafu tunapima kiuno, maana mafuta yanayojaa tumboni kuzunguka ini na kongosho ndo yanasumbua zaidi, insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inazidiwa, hapo sukari inaingia, presha inapanda, magoti yanauma, usiku unakoroma mpaka pumzi inakata, na wadada wengine mzunguko unavurugika wanahangaika kushika mimba miaka.

Ila huhitaji kuwa mwembamba ndo upone. Yule mama akipungua kilo 5 mpaka 9 tu, presha na sukari vinaanza kushuka.

Msosi na mazoezi vipo palepale, ugali kiasi cha ngumi, soda acha. Vikishindwa peke yake ndo tunaongelea dawa. Orlistat inazuia sehemu ya mafuta ya chakula yasinyonywe, ukila chipsi kuku utajutia chooni. Sindano ya semaglutide ya mara moja kwa wiki inafanya kazi kama homoni ya utumbo inayouambia ubongo umeshiba, na kwenye utafiti wa wiki 68 waliochoma huku wakibadilisha msosi na kufanya mazoezi walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito. Lakini tunakwambia ukweli wote, kichefuchefu na kutapika ni kawaida mwanzoni, mjamzito haruhusiwi, na walioacha walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopunguza ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo bajeti yake ni ya muda mrefu, kama dawa ya presha tu. Na usinunue sindano mkononi mwa mtu, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide feki.

Kuna puto la kuwekwa tumboni kwa miezi kadhaa, hospitali ya Mloganzila kule Dar es Salaam wanafanya, na kuna operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula kwa wenye uzito mkubwa zaidi. Hizo hatufanyi hapa, tunakuandikia rufaa.

Siku ya kuja njoo asubuhi kabla hujanywa chai, tupime sukari, mafuta ya damu na ini. Beba dawa zote unazotumia, na lile kopo la mtandaoni usilifiche, hatukugombezi, tunataka tusome kilichoandikwa.