Meza ya Bwana Ijadiliwe Kabla ya Kuchapa Mabango

Kwa kamati za ushirikiano wa makanisa ya mpakani: Namanga, Holili na Taveta, Sirari na Isebania.

Wapendwa katika Bwana, salamu katika jina la Yesu.

Mnapoandaa ibada ya pamoja, msiiache Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, iamuliwe asubuhi ya siku yenyewe. Juni 1913 wamisionari walikutana Kikuyu, nchini Kenya, wakakubaliana mpango wa shirikisho la makanisa. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, akaongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akamshtaki Peel pamoja na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba wamefanya uzushi. Mpango ule haukusimama kama ulivyoandikwa. Kilichosimama ni kazi: mwaka 1918 mashirika manne ya misheni yaliunda muungano, na 1926 wakafungua Shule ya Alliance palepale Kikuyu. Ipo hadi leo.

Basi, wanangu, kila mchungaji aulize kwa maandishi askofu au sinodi yake: nani anaruhusiwa kuongoza, nani anapokea, ni divai au maji ya zabibu, kikombe kimoja au vikombe vidogo? Jibu likichelewa, fanyeni ibada ya Neno na maombi tu. Hiyo si ibada pungufu. Aulize pia habari za waliotengwa, yaani waliozuiwa Meza kwa nidhamu ya kanisa, kwa maana Mlutheri aliyetengwa na usharika wake akipokelewa mezani kwa jirani, mmemdhoofisha mchungaji wake, na yeye mwenyewe hamkumsaidia kutengeneza, yaani kutubu na kurudishwa ushirikani.

Nyimbo zitangazwe kwa mstari wa kwanza, kwani namba za kitabu cha Tenzi za Rohoni si za kitabu cha Mwimbieni Bwana. Kwaya inayovuka iandikishe kinanda na spika forodhani wakati wa kwenda, la sivyo wakirudi wataulizwa vilinunuliwa wapi.

Sadaka ndiyo huchoma mioyo. Shilingi za Kenya na za Tanzania zihesabiwe mbali mbali, palepale, na watu watatu wa makanisa tofauti, wote watie sahihi. Matumizi yake yatangazwe kabla kapu halijapita.

Na mshiriki akihamia ng'ambo apewe barua ya utambulisho. Akija bila barua, mpokeeni kwenye ibada, ila msimwandike kitabuni mpaka mmempigia simu mchungaji wake wa zamani.