Barua ya malalamiko: nililipia propela ya kushoto, mkanipa ya kulia

Njoro, Kaunti ya Nakuru
14 Machi

Kwa Meneja,
Tawi la Kisumu.

Bwana Meneja,

MINT: PROPELA YA MBAO, 54 KWA 44, MKONO WA KUSHOTO: IMELIPIWA, HAIJALETWA

Natumaini u mzima. Mimi pia nilikuwa mzima hadi tarehe 24 Februari.

Agizo langu la propela ya ndege ninayoijenga mwenyewe mnalo. Fomu ni yenu, mwandiko ni wangu, na neno KUSHOTO nimelipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Shilingi 118,000 mlizipokea kwa M-Pesa tarehe 9 Januari, siku ileile niliyojaza fomu. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo siinakili hapa.

Kilichofika ni propela nzuri. Nasema ukweli, mbao zimeunganishwa vizuri, vanishi imetulia, na kwenye kitovu pamechongwa 54, urefu wake kwa inchi, na 44, pichi yake, kama nilivyoagiza. Lakini ni ya kulia, yaani imechongwa izunguke kufuata saa ukiitazama kutoka kiti cha rubani. Niliiona kabla hata sijamaliza kufungua karatasi. Injini yangu ni ya Volkswagen, cc 1835, na propela inakaa upande wa puli ya mkanda, si upande wa flaiwili yenye klachi. Ukiketi kwenye kiti cha rubani, inazunguka kinyume cha saa. Cessna mnazozoea kuziuzia vipuri huzunguka upande wa pili, nalielewa hilo, na ndiyo maana nilitumia kalamu nyekundu.

Basi nikaifunga kwenye blanketi, nikapanda matatu kupitia Kericho hadi kwenu. Nililipia viti vitatu: changu, cha mwanangu wa miaka kumi na mitatu, na cha propela. Pale kaunta nikamweleza kijana wenu kwa utulivu kwamba mkono umekosewa. Akaitazama kama mtu anayetazama mwiko wa ugali, akaniambia: "Buda, hii ni feni tu. Igeuze nyuma mbele." Kisha akacheka. Wateja waliokuwa nyuma yangu nao wakacheka.

Bwana Meneja, droo za kaunta hiyo hazikosi nati. Tafadhali toa moja, uiingize kwenye bolti. Itoe, igeuze, uiingize tena. Itaingia vilevile, kwa upande uleule. Kugeuzwa hakukuifanya iwe nati ya kushoto. Au nendeni kwa mafundi wa baiskeli pale Kibuye, muwaulize kwa nini pedali ya kushoto haikubali kuingia upande wa kulia hata uigeuzegeuze mpaka jioni. Propela nayo ni skrubu, ila inachimba hewa. Ile 44 iliyochongwa pale ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ngumu kama mbao. Nikiifunga jinsi ilivyo, injini yangu itaizungusha kisogo mbele, ukingo wa nyuma ukitangulia, na kuivuta ndege kinyumenyume kwa shida. Nikiigeuza kama alivyoshauri mtaalamu wenu, itarudi nyuma kwa nguvu zaidi, hadi kwenye ukuta wa banda. Huo ndio ushauri niliosafiri kutoka Njoro kuufuata.

Halafu kuna ile simu ya tarehe 2 Machi, ambapo mama mmoja wa ofisi yenu (huyu alikuwa na heshima, namshukuru) alisema mna ya kushoto lakini ni ya inchi 62, niongeze shilingi 20,000 niichukue, kwa kuwa kubwa huvuta vizuri zaidi. Kubwa huvuta vizuri inapozungushwa polepole. Injini yangu haina giaboksi. Krankishafti, mhimili wa injini, ikipiga mizunguko 3,300 kwa dakika, propela nayo inapiga 3,300. Kwa kasi hiyo ncha ya inchi 62 inapita mita 270 kwa sekunde, ya 54 inabaki karibu 237, na ncha ikizidi kukaribia kasi ya sauti huvuta vibaya. Ila mjue hata kufika huko haitafika, kwa sababu nguvu farasi sitini haziwezi kuizungusha mbao ndefu hivyo. Na hata zingeweza, miguu ya magurudumu yangu ni mifupi, ncha ingegusa chini. Ingekuwa mashine ya kukata nyasi.

Tena kabla ya hayo yote, mwezi wa kwanza, mlikuwa mmenishauri nichukue pichi ya 50 kwa sababu kuna mteja wa Kisumu anaifurahia. Kisumu mko kando ya ziwa, mita 1,130 hivi. Njoro tuko zaidi ya mita 2,100. Injini isiyo na turbo huku imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla haijaanza kazi. Pichi ndogo hupandisha, kubwa hukimbiza. Mimi nataka propela ya kunipandisha juu ya miti, si ya kukimbilia mashindano. Nilikataa, mkakubali, nikafikiri nimepata watu wanaosikiliza.

Narudi pale kaunta, kwa sababu sikusema yote.

Nilikuwa nimebeba mchoro. Nimeuchora mwenyewe kwa penseli, injini kwa mbele na kwa nyuma, na mshale unaoonyesha upande wa mzunguko, ili pasiwe na ubishi. Niliutandaza mbele yake. Kijana wenu hakuusoma. Alisema lile neno la feni, akasema nigeuze, na alipokuwa akicheka akaweka kikombe chake cha chai juu ya mchoro. Juu ya mshale. Nilimwomba akiondoe, akaita mwenzake kutoka stoo: "Njoo uone rubani wa bodaboda." Mwanangu alikuwa ameushika upande mmoja wa blanketi. Ameipiga msasa kila mbavu ya mabawa ya ndege hiyo, likizo mbili mfululizo, bila kutumwa. Hakucheka wala hakulia. Aliangalia viatu vyake. Tulipofika Ahero ndipo aliponiuliza: "Baba, kwani watu wote wanajua ni mchezo?"

Nimefungua injini za Volkswagen tangu 1989. Nimetukanwa na matajiri na madereva wa lori, na sikuwahi kuandika barua.

Nilikuwa nimepanga kuomba jambo moja tu, mnibadilishie mlete 54 kwa 44 ya kushoto. Hilo bado nalitaka, ndani ya siku kumi na nne tangu mpate barua hii, na mlete wenyewe Njoro, maana mimi na matatu tumemalizana. Nauli ya viti vitatu kwenda na kurudi mtailipa pia. Risiti ya propela kama abiria sina, lakini kondakta ananikumbuka. Hamwezi? Basi rudisheni shilingi 118,000 zote, bila makato ya "kuhudumia agizo". Na kwa vyovyote vile, nataka barua ya kuomba radhi. Msiiandike kwa jina langu. Iandikeni kwa mwanangu, na aiandike kijana yule kwa mkono wake, aeleze kwa nini nati iliyogeuzwa haibadilishi upande.

Siku hizo zikipita kimya, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo dai langu linaingia humo na nafasi ikabaki. Katiba, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa na ya kulipwa hasara. Sihitaji wakili kunisomea. Nakala nitaipeleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wapime wenyewe kama anayemwambia mjenzi wa ndege "igeuze tu" anastahili kuuza vipuri vya ndege. Wenzangu wa Nakuru na Eldoret wanaojenga wameshaisoma barua hii. Jina la kampuni nimelifuta katika nakala zao. Kwa sasa.

Wenu,
Mteja wa fomu yenye wino mwekundu.

Tanbihi: Propela yenu iko juu ya kabati, ndani ya blanketi lilelile, haijatobolewa hata tundu moja. Mkija kuichukua pigeni simu kabla ya saa kumi. Baada ya hapo mwanangu ametoka shule na tunakuwa kwenye bawa la kushoto, hatusikii simu.