Barua kwa mpwa wangu aliyeko Lindi: kati ya nukta na nukta pana nini?

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha ya daftari lako nimeiona, na wino mwekundu wa mwalimu nimeuona pia. Umekwenda sokoni ukahesabu mafungu: changu, tasi, kibua, pweza. Jedwali safi, rula umeitumia, kichwa cha grafu kipo. Kisha ukaweka nukta na kuziunganisha kwa mstari, kutoka changu kwenda tasi, kutoka tasi kwenda kibua. Mwalimu kaandika "aina ya grafu si sahihi" akaishia hapo, na wewe unaniuliza kosa liko wapi ilhali namba zote ni za kweli. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi wana swali hilohilo na wanaona haya kuliuliza.

Weka kidole kati ya changu na tasi, palepale mstari unapopita. Hapo pana samaki gani? Hakuna. Lakini mstari wako unasema yupo, na hata idadi yake umeitaja. Ndiyo maana vitu vya aina mbalimbali huchorewa nguzo zilizoachana, kila moja imesimama kivyake. Unaweza kumhamisha pweza akae wa kwanza na grafu isiharibike. (Pweza mwenyewe umemwita samaki, hilo namwachia mwalimu wa baiolojia.)

Sasa shuka ufukweni. Chomeka ufito wenye alama za sentimita mahali ambapo maji yanafika, usome kimo cha maji kila baada ya nusu saa. Kati ya saa 3:00 na saa 3:30 bahari haikuondoka, ilikuwepo ikipanda au ikishuka, na kimo chake kilipita kila sentimita ya katikati. Hapa mstari una haki. Ukiuchora utaona mgongo na bonde, mgongo na bonde, na kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana bibi zako wanaofuata pweza hawaendi pwani saa ileile kila siku. Kesho maji yatachelewa kwa dakika 50 hivi. Ukirudia kazi hiyo wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, migongo inakuwa mirefu na mabonde ya kina. Wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, grafu inajilaza kama mtu aliyechoka.

Lakini hata mstari wenye haki unaweza kudanganya. Tuseme umeona uvivu, ukapima saa 2 asubuhi na saa 2 usiku tu. Vipimo viwili hivyo vitakaribiana sana, kwa sababu ni saa 12 zimepita na bahari imeshazunguka karibu mzunguko mzima. Ukiunganisha nukta, unapata mstari uliolala, na grafu yako inatangaza kwamba bahari ya Hindi haisogei. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nichore nini, uliza nimepima mara ngapi.

Wa kwanza kuchapisha grafu za namna hii kwa mambo ya biashara alikuwa William Playfair, mtu wa Uskoti, mwaka 1786. Alipenda mistari, miaka ikipita kutoka kushoto kwenda kulia. Alipofika kwenye biashara ya Uskoti yenyewe akakuta ana takwimu za mwaka mmoja tu. Mstari wa mwaka mmoja utakwenda wapi? Akachora nguzo. Hakuzifurahia sana, lakini hakubuni miaka ambayo hakuwa nayo, na kwa hilo mimi namheshimu kuliko wachora grafu wengi wa leo.

Kitabu chako cha jiografia kina grafu ya hali ya hewa yenye nguzo na mstari pamoja, na sasa unaweza kujua kwa nini. Mvua ni jumla ya mwezi, imekusanywa na kufungwa, kwa hiyo nguzo. Jotoridi halikatiki, kwa hiyo mstari. Ukichora ya kwetu kusini utakuta nguzo zimejazana kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kuanzia Julai hadi Septemba karibu hakuna kitu. Usishawishike kuzijaza ili ukurasa upendeze.

Histogramu inafanana na nguzo, ila haziachani. Chukua korosho ghafi za baba yako, pima moja moja, uzipange kwa makundi: gramu 4 hadi 5, 5 hadi 6, 6 hadi 7. Uzito hauruki kutoka kundi hadi kundi, basi nguzo zinagusana. Duara nalitumia kwa nadra. Linafaa pale tu vipande vyote vinapotimiza kitu kimoja, na jicho la mtu halijui kupima pembe.

Jambo moja la nguzo ambalo watu wazima wanalitumia kwa makusudi: zianze sifuri. Tuseme bei ya kilo ni shilingi 3,000 mwaka huu na 3,300 mwakani. Nyongeza ni asilimia 10. Mtu akianzishia mhimili kwenye 2,900, nguzo ya pili inakuwa ndefu mara 4 ya ya kwanza, na wakulima wanapiga makofi.

Mwisho, uliniuliza kuhusu pendulamu ya fizikia. Funga jiwe kwa uzi wa nyavu, lining'inize mlangoni. Uzi wa sentimita 25, mbembeo mmoja kwenda na kurudi ni sekunde 1. Uzi wa mita 1, ni sekunde 2. Urefu mara 4, muda mara 2 tu, kwa hiyo ukichora muda dhidi ya urefu mstari unapinda. Zidisha muda kwa wenyewe, 1 na 4, uchore dhidi ya urefu kwa mita, unanyooka. Hesabu mbembeo 20 kisha ugawe, kwa sababu kidole chako kwenye saa kinachelewa. Nukta zako zitayumba kidogo. Usiziunganishe moja moja kama unashona. Pitisha mstari mmoja katikati yao, nyingine zibaki juu, nyingine chini. Mteremko utakuwa karibu na 4. Gawa 39.5 (yaani 4 mara pai mara pai) kwa mteremko huo, na utakuwa umeipima nguvu ya mvutano ya dunia ukiwa mlangoni kwa mama yako.

Pima urefu hadi katikati ya jiwe, si hadi kwenye fundo. Jedwali likiwa tayari nitumie kabla hujachora chochote. Msalimie mama.

Mjomba wako,
Mikindani